Kamera ya Kutegesha: Jina Lake na Matumizi Yake

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri, lipo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo: ile kamera inayofungwa kwenye mti porini, ikaachwa peke yake siku nyingi, nayo ikawapiga picha wanyama wapitao bila ya mtu kuwapo, iitweje kwa Kiswahili? Wanaouliza ni watu wa kazi mbalimbali. Wapo wanaotafsiri vijitabu vya maelekezo kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijiji, wapo walimu wa vyuo wanaotayarisha masomo, na wapo maofisa wa wilaya wanaotakiwa kuandika tangazo la kubandikwa katika ubao wa kijiji. Aghalabu kila mmoja huja na jina lake mkononi, na anachotaka kwetu ni muhuri tu.

Tulipoanza kulichunguza jambo hili tulidhani kuwa kazi yetu itakuwa kuchagua neno moja kati ya manne au matano, kisha tuendelee na mengine. Haikuwa hivyo. Tulisoma vijitabu kadhaa vilivyokwisha tafsiriwa, tukazungumza na watu waliovitumia, tukaona kuwa jina la chombo ni sehemu ndogo ya tatizo. Maneno yanayoeleza jinsi chombo kinavyofanya kazi ndiyo yanayoamua kama askari atarudi na picha za chui au atarudi na picha elfu mbili za majani. Kijitabu kimoja, ambacho hatutawataja waliokitoa, kilieleza katika ukurasa wake wa kwanza kwamba kamera hii "hupiga picha kila kitu kinachotikisika." Waliofundishwa kwa maneno hayo walizifunga kamera mahali penye uwazi mkubwa, mbele ya nyasi ndefu, wakiamini kuwa kadiri kamera inavyoona mbali ndivyo itakavyonasa vingi. Walifuata maelekezo barabara. Kadi zilijaa kabla ya wiki kwisha, na zilichojaa ni nyasi.

Lakini tuanze na jina, kwa kuwa ndilo tuliloulizwa. Jina la kigeni ambalo wafasiri wengi hulifuata limetokana na historia ya chombo chenyewe. George Shiras, mwanasheria wa Marekani, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupiga picha za wanyama usiku kwa kutandika uzi njiani: mnyama alipoukwaa uzi, kamera na mwanga wake vilifyatuka pamoja. Picha zake zilitolewa katika gazeti la National Geographic mwaka 1906. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha picha alizopiga katika nchi yetu hii, wakati huo ikiwa chini ya Wadachi, nyingi zikiwa za usiku kwa mwanga wa unga unaolipuka. Chombo cha namna ile, chenye uzi na mfyatuo, kilistahili kabisa kuitwa mtego. Chombo cha leo hakina uzi, wala mnyama hakigusi. Wazungu wameendelea na jina la zamani kwa mazoea yao. Sisi hatulazimiki kurithi mazoea hayo pamoja na chombo.

Pendekezo tunalolipata mara nyingi kuliko yote ni "mtego wa kamera." Hatulikubali, na sababu ya kwanza ni ya sarufi. Mswahili asemapo mtego wa panya anataja mtego unaomnasa panya, na asemapo mtego wa ndege anataja mtego unaomnasa ndege. Kwa mpangilio huohuo, mtego wa kamera ni kifaa kinachonasa kamera. Huenda wezi wa kamera wakakihitaji kifaa hicho, lakini watafiti hawakihitaji.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Neno mtego, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, si neno la mzaha. Kutega wanyama ni jambo la kesi mahakamani, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inayahusu mambo hayo moja kwa moja. Mwenyekiti wa kijiji akitangaza katika mkutano kwamba "serikali imeweka mitego msituni," atasikilizwa kwa namna mbili, na zote mbili mbaya. Wengine wataelewa kuwa wanyama wananaswa, wakauliza kwa nini wao wakatazwe. Wengine wataelewa kuwa wanaonaswa ni wao. Yote mawili huishia pamoja, yaani kamera kuvunjwa. Kuunganisha maneno na kusema "kamera-mtego" kunaiponya sarufi, lakini hakuondoi hofu.

"Kamera ya njiani" ni jina la upole, nasi tulilipenda kwa muda. Walakini kamera hizi hufungwa pia kwenye madimbwi, kwenye mizoga, kwenye milango ya mapango na juu ya matawi ya miti, mahali ambapo hapana njia. Tena msomaji wa mjini atadhani ni kamera za barabarani za kukamatia waendesha magari. "Kamera ya doria" inaibebesha kamera ya mtafiti kazi ya polisi. "Kamera ya kuvizia" ina uzuri wake, kwa maana kuvizia ni kungoja kwa utulivu. Lakini anayevizia ana nia, na mara nyingi nia hiyo si njema.

Sisi tunapendekeza "kamera ya kutegesha." Mtu hutegesha saa ya kumwamsha kabla ya kulala, hutegesha ndoo chini ya mchirizi ikinge maji ya mvua, akaenda zake, akirudi akakuta kazi imefanyika. Hiyo ndiyo dhana yenyewe: kitu kilichowekwa tayari, kikaachwa, kikifanya kazi mwenyewe akiwa hayupo. Neno limezaliwa na shina lilelile la mtego, lakini halina damu. Wapo waliotuandikia wakitaka jina fupi zaidi, "kamera tegeshi." Tunawakumbusha kuwa maneno ya umbo hilo humtaja mtenda, kama tusemavyo kitenzi saidizi kwa maana ya kinachosaidia. Kamera haitegeshi kitu. Yenyewe ndiyo inayotegeshwa. Wengine husema "kamera ya kutega," nasi hatutagombana nao sana.

Sasa tuje kwenye maneno ya utendaji, ambako ndiko hasara ilikotokea.

Katika uso wa kamera hizi mna kidirisha kidogo cheupe cha plastiki, chini au kando ya lenzi ya picha. Nyuma yake ndimo kilimo kifaa kinachoiamsha kamera. Vijitabu karibu vyote tulivyovisoma hukiita "kihisi mwendo" au "kitambua mwendo." Jina hili linapotosha. Kifaa hiki hakioni mwendo hata kidogo. Kinachopokea ni mnururisho wa infraredi, yaani joto linalotoka katika miili ya vitu, la urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 14 hivi. Ndani yake mna vipande viwili vilivyolala sambamba, kila kimoja kikipokea joto kutoka upande wake. Maadamu pande zote mbili ziko sawa, kifaa hukaa kimya. Kitu chenye joto tofauti na mandhari kikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, kipande cha kwanza hubadilika kabla ya cha pili, ulinganifu huvunjika, na kamera huamka. Yahitajiwa basi mambo mawili kwa pamoja: tofauti ya joto, na kuvuka. Likikosekana moja, hapana picha.

Kwa hiyo tunapendekeza "kihisi joto," na tunawaomba wafasiri waongeze sentensi moja kila mara neno hili linapotokea kwa mara ya kwanza: kihisi joto hakipimi kiasi cha joto kama kipimajoto, bali huhisi badiliko la joto linalopita mbele yake. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa tatu za maonyo, kwa sababu msomaji akiielewa, karibu kanuni zote za kutegesha kamera atazipata mwenyewe kwa kufikiri.

Ataelewa, mathalani, kwa nini nyasi hujaza kadi. Majani yaliyopigwa na jua hupata joto; upepo ukiyapeleka mbele ya kivuli kilichopoa, joto limevuka ubaridi, na kihisi hakina akili ya kutofautisha jani na swala. Mfano mkubwa uko Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitegesha kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na hadi mwaka 2013 zilikuwa zimetoa mafungu ya picha milioni 1.2. Mafungu yenye wanyama yalikuwa 322,653, yaani zaidi kidogo ya robo. Yaliyobaki yalikuwa na nyasi, joto na upepo. Picha hizo zilichambuliwa na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000, nao ni wengi kuliko watakaopatikana katika ofisi ya wilaya. Picha ya namna hiyo tumeiita "picha tupu," na kule kuamka bila ya mnyama "mfyatuko wa bure." Dawa yake ni panga: nyasi na vitawi vifyekwe mbele ya kamera kwa hatua nne au tano, na kamera ifungwe kwenye shina nene lisiloyumba, kwa maana mti ukiyumba dunia nzima huvuka mbele ya kihisi.

Ataelewa pia kwa nini kamera hunyamaza wakati wa adhuhuri. Kinacholinganishwa ni joto la nje ya mwili wa mnyama, la manyoya au ngozi, na joto la ardhi iliyo nyuma yake. Saa saba mchana katika nyika ardhi huweza kufikia joto lile la ngozi ya mnyama, hata kulipita. Pundamilia akapita wazi mbele ya kamera, nayo isimhisi. Usiku ardhi imepoa, na mnyama huyohuyo angehisiwa kwa mbali. Anayeandika ripoti kwamba wanyama fulani hawatembei mchana hana budi ajiulize kwanza kama ni wanyama waliolala au ni kihisi. Chatu na kobe, ambao miili yao hufuata joto la mahali walipo, huweza kupita wasiamshe kitu. Aliyesoma kuwa kamera huona "kila kinachotikisika" ataandika kuwa mahali hapo hapana kobe.

Hapa ndipo neno linapogusa mambo makubwa. Minde, yule paa mweusi wa misitu ya milimani, picha zake za kwanza porini zilipatikana kwa kamera za namna hii huko Udzungwa mwaka 2003. Katika safu hiyohiyo ya milima, kwenye Msitu wa Ndundulu, mwaka 2005 kamera zilipiga picha za sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Alikamatwa mwaka uliofuata, na mwaka 2008 akaelezwa rasmi kuwa aina mpya. Orodha za namna hii hutumiwa katika kuamua msitu gani uhifadhiwe na fedha ziende wapi. Msitu ukiandikwa kuwa hauna minde kwa sababu kamera ilifungwa juu mno, au ilielekezwa jua, kosa hilo halionekani katika jedwali. Panaonekana sifuri tu, nayo sifuri ya kamera iliyokosea haitofautiani na sifuri ya kweli.

Turudi kwenye kamera iliyofungwa vema, maana bado yako maneno ya kuyapanga. Kijitabu cha kigeni hutofautisha sehemu ambayo kihisi hufikia na sehemu inayoingia katika picha. Wafasiri wengi huzitaja zote mbili kwa neno "upeo." Hizi si sehemu moja. Tunapendekeza "eneo la kuhisi" na "eneo la picha." Katika kamera nyingine eneo la kuhisi ni jembamba kuliko la picha, na mnyama anaweza kusimama pembeni mwa picha asihisiwe, katika nyingine ni pana zaidi, na kamera huamka kabla mnyama hajaingia, ikapiga picha ya njia tupu. Namna ya kuzijua ni kutembea. Mtu mmoja apite mbele ya kamera kwa kuinama, kwa kimo cha mnyama anayetafutwa, huku mwingine akitazama taa ndogo ya majaribio inawaka wapi. Tumeona askari wakiona haya kutambaa mbele ya wenzao. Haya hiyo ina gharama.

Kwa kuwa kihisi hutaka mnyama avuke, mtu angedhani kuwa kamera yafaa itazame njia kwa pembe ya mraba. Ndivyo kihisi kinavyopenda, lakini picha haipendi, kwa maana mnyama mwepesi atakuwa amepita kabla haijapigwa, na tutapata mkia. Ikitazama njia kwa urefu wake, mnyama huja moja kwa moja, naye hahisiwi upesi. Kilicho bora ni mshazari: kamera ikae hatua tatu au nne kando ya njia, ikiitazama kwa pembe ya kati. Kimo chake kiwe cha goti la mtu mzima kwa wanyama wa kadiri ya swala na chui, na chini zaidi kwa sange na jamaa zake. Lenzi ielekezwe kaskazini au kusini, kwa kuwa katika nchi zetu jua huchomoza na kutua karibu na mstari wa mashariki na magharibi mwaka mzima, na kamera iliyotazama huko huharibikiwa picha katika saa zilezile ambazo wanyama hutembea zaidi. Wako waliofunika kamera kwa kioo cha dirisha ili kuikinga na mvua na meno ya fisi. Kioo hupitisha mwanga, lakini huzuia joto, na kamera iliyo nyuma yake ni kipofu hata kama lenzi yake inaona vizuri.

Neno lililotuletea taabu kuliko yote ni lile la kuchelewa. Katika vijitabu vya kigeni yako mambo mawili yanayofanana kwa jina. La kwanza ni ule muda, pengine nusu ya sekunde, unaopita tangu kihisi kihisi hadi picha ipigwe. Huo ni umbile la kamera, hatuwezi kuubadili. Tunaweza tu kununua kamera nyingine. La pili ni muda ambao sisi wenyewe tunaiamuru kamera ikae bila ya kupiga baada ya picha moja kabla ya kuruhusiwa kupiga nyingine. Kijitabu kimoja tulichokisoma kiliyaita yote mawili "muda wa kuchelewa," na katika ukurasa wa ununuzi kikasema kuwa muda wa kuchelewa ukiwa mfupi ndipo kamera inakuwa bora. Msomaji makini akaenda kwenye vitufe, akakuta muda wa kuchelewa, akaufanya sifuri. Kundi la nyani likaja kukaa mbele ya kamera asubuhi moja, na betri zikaisha kabla ya jioni. Tunapendekeza la kwanza liitwe "muda wa kukawia" na la pili "muda wa pumziko." Kamera hukawia kwa udhaifu wake, lakini hupumzika kwa amri yetu.

Kuhusu mwanga wa usiku hatuna mengi. "Mmweko" umekwisha kuzoeleka, nasi tunaukubali. Itoshe kutofautisha "mmweko mweupe," utoao picha za rangi ambazo madoa ya chui husomeka vizuri hata kumtambua mmoja mmoja, na "mmweko wa infraredi," utoao picha zisizo na rangi lakini usioshtua sana. Baadhi ya hiyo ya pili huonyesha taa hafifu nyekundu, ambayo mwizi huiona. Betri ni betri. Mfasiri aangalie tu kuwa zile za kuchajiwa hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kamera nyingine hudhani zimekwisha wakati bado ni nzima.

Liko tatizo moja ambalo halimo katika kijitabu chochote cha kigeni, kwa sababu wageni hawana saa zetu. Kamera huandika saa na tarehe juu ya kila picha, na thamani ya picha kwa mtafiti iko hapo kwa sehemu kubwa. Saa ya kamera huanza kuhesabu usiku wa manane na kwenda hadi 23:59. Sisi tunaanza kuhesabu kwa mapambazuko na kwa magharibi. Askari anayetegesha kamera saa mbili asubuhi, akaulizwa na kamera ni saa ngapi, akibonyeza 2:00 hajasema uongo kwa lugha yake. Lakini kamera imeelewa kuwa ni usiku, na tangu hapo kila picha imerudi nyuma kwa saa sita. Nungunungu aliyepita saa mbili usiku ataandikwa kuwa amepita 14:00, mchana kweupe. Giza la picha litamwumbua mwandishi endapo mtu ataitazama picha. Wengi hutazama jedwali tu. Kwa hiyo tunashauri kuwa maelekezo yote ya Kiswahili yaandike saa kwa namna zote mbili kila mara, "saa 2 asubuhi (08:00)," "saa 2 usiku (20:00)," bila ya kuchoka, na kwamba saa 6 usiku iandikwe wazi kuwa ni 00:00.

Tarehe nayo ina mtego wake, kama wasomaji watatusamehe neno hilo. Kamera nyingi hutengenezwa kwa desturi ya Kimarekani, ambayo hutanguliza mwezi. Tarehe 04/07 kwetu ni tarehe 4 Julai, katikati ya kiangazi. Kwa kamera ni tarehe 7 Aprili, katikati ya masika. Kosa hili likiingia, wanyama wanaofuata maji wataonekana kwenda kinyume na maji. Kinga yake ni rahisi nayo haihitaji istilahi: anayetegesha aandike kwenye karatasi jina la mahali, tarehe na saa, mwezi ukiwa kwa maneno, aishike mbele ya kamera ipigwe picha, na anayekuja kuitoa afanye vivyo hivyo. Kosa lolote la katikati litajulikana na kusahihishwa.

Watafiti hupima kazi yao kwa kuzidisha idadi ya kamera kwa idadi ya siku. Kamera 60 zilizofanya kazi siku 30 ni kazi ya 1,800. Ya 1,800 nini? "Siku za kamera" haitoshi, maana husikika kama siku za ukumbusho. Tunapendekeza "siku-kamera," neno kuu likitangulia kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Tunasisitiza "zilizofanya kazi": kamera iliyokufa betri siku ya nne ina siku-kamera nne tu, ingawa imening'inia mwezi mzima.

Mwisho ni watu. Kihisi joto hakimtofautishi mama mwenye mzigo wa kuni na nyati, na kila aliyewahi kutegesha kamera karibu na kijiji amekuta picha za watu wasiojua kuwa wamepigwa. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019, na picha ya uso wa mtu ni taarifa binafsi. Yafaa wanakijiji waambiwe mkutanoni kabla ya kamera kufungwa, na tangazo libandikwe karibu na kila njia itumiwayo na watu. Matangazo mengi tuliyoyaona yametafsiriwa kwa lugha ya vitisho, yakianza na "Onyo" na kumalizika na faini. Ofisa mmoja alituomba mfano, nasi tulimpa huu:

"Kamera hii imetegeshwa kwa ajili ya kuhesabu wanyama. Hupiga picha kila chenye joto kinachopita hapa, mchana na usiku, hata watu. Picha za watu hufutwa. Haina thamani kwa mtu mwingine, wala haikamati wala haidhuru. Mwenye swali aulize ofisi ya kijiji."

Sentensi ya tatu iandikwe tu pale ambapo picha hizo hufutwa kweli. Kama hazifutwi, iondolewe, na mahali pake pasemwe zinapelekwa kwa nani.